Fundi wa mikanda ya dari alipwe kwa kona, sio kwa mita

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba mnivumilie maana itakuwa ndefu kidogo. Mimi ni fundi wa dari, kazi zangu nyingi ziko huku Bunju, Boko, Mapinga mpaka Bagamoyo. Nilianza mwaka 2004, enzi hizo tunapiga silingi bodi na vipande vya mbao vya kufichia maungio, jipsamu ikaja ikatukuta humohumo kazini tukajifunza kwa kuangaliana. Naandika kwa ajili ya kitu kimoja tu, mikanda. Ile inayozunguka juu kabisa pale ukuta unapokutana na dari, wengine wanaita konisi, sisi saiti tunasema mikanda. Namna tunavyoichagua na namna tunavyolipana kuikata ndo inafanya dari nyingi zipasuke kwenye kona hata mwaka haujaisha, na watu wanadhani ni jipsamu mbovu.

Nianze na langu. Mwaka 2023 mwezi wa tatu nilimfanyia mama mmoja sebule Bunju, nilipewa kazi na bosi mmoja aliyekuwa anasimamia nyumba nzima, malipo kwa mita. Mwishoni mwa mwaka huohuo, mvua zile za El Nino zimepamba moto, yule mama akanipigia. Hakugomba wala nini, alisema tu, "Fundi, njoo uangalie dari yako." Nikaenda. Ukiingia mlangoni kona ya kushoto, juu ya kabati la tivii, kulikuwa na ufa umeshuka kutoka darini mpaka ukutani, puti, ule mchanganyiko wa kuzibia na kulainishia kabla ya rangi, imejikunja pembeni kama ganda la yai lililochemshwa. Nikaomba stuli nikapanda, nikachokonoa kwa ncha ya kisu, puti yote ikadondoka kipande kimoja, nikaingiza kidole kikaingia. Yaani mikanda miwili nyuma imegusana vizuri kabisa, mbele imeachana sentimita moja na zaidi, na huo mwanya nilikuwa nimeujaza puti nikapiga msasa nikapaka rangi ikaonekana kama kitu kimoja. Paa halikuwa linavuja hata tone. Ni mimi nilikata vibaya.

Nikamuomba mama aniletee ndoo nisimamie, nikapima ile kona. Njia ni ileile ya mafundi wote wanayoijua, unapima sentimita 60 ukuta mmoja na 80 ukuta wa pili kutoka kwenye kona, alafu unapima ulalo kati ya hizo alama mbili. Kona ikiwa mraba kamili ulalo unatoka sentimita 100 juu ya alama. Mimi ulitoka 103 na kidogo. Maana yake kona ile haikuwa digrii 90, ilikuwa kama 94, na mimi nilikata mikanda yote miwili 45 kwa 45 kama nilivyofundishwa, nikawa nimeleta mikanda ya digrii 90 kwenye kona ya 94. Hizo digrii nne kwa macho huzioni kabisa ukiwa umesimama sebuleni, ila kwa mkanda unaotoka ukutani sentimita 12 ni mwanya wa sentimita moja na ushee pale mbele, na ndio niliouona.

Sasa hapa ndo nataka wasomaji wenye nyumba wanielewe. Nyumba zetu hizi kona hazina mraba, na usimlaumu mpiga lipu peke yake. Tofali zinapangwa na mtu mmoja, lipu inapigwa na mwingine, kwenye kona anaongeza udongo ili apate kunyoosha, juu karibu na linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mkono umechoka, kwaiyo kona ya chini inaweza ikawa mraba na kona ya juu imefunguka. Nimeshakutana na chumba kimoja kina kona nne na hakuna hata mbili zinazofanana. Fundi akija na boksi lake la kukatia lenye mfereji wa 45 akakata zote sawasawa, kona moja au mbili zitakaa, zilizobaki atajaza puti. Na puti sio ya kujazia mwanya. Ikipakwa nene inakauka juu kwanza, ndani bado, ikija kukauka ndani inasinyaa na kuvuta, na blandaring, zile mbao zinazoshikilia dari, nazo zinacheza, masika zinavuta unyevu zinavimba, kiangazi zinasinyaa, kila msimu ile kona inavutwa kidogo mpaka inaachia.

Kwanini nilikata bila kupima? Nitasema ukweli. Nililipwa kwa mita. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita 18 za mkanda, mimi na kijana wangu tulitakiwa tumalize siku moja tuhamie chumba kingine, na mita 18 ni mita 18 hata ukikata vizuri au vibaya. Kwenye ukuta ulionyooka mkanda unapanda bila shida, unapaka, unapandisha, unakandamiza, unapiga skrubu, umemaliza. Muda wote unaliwa na kona, na kona hazina bei. Chukua sebule hiyohiyo mita 4 kwa 5 ila yenye umbo la L, yaani pembe moja imeingia ndani. Mzunguko wake ni uleule mita 18, hesabu mwenyewe, ila kona zimekuwa 6, tano za ndani na moja ya nje, yaani ile inayotokeza kuja chumbani. Au weka nguzo imetokeza ukutani sentimita 15 tu, mita zimeongezeka sentimita 30, kona zimeongezeka nne, mbili za ndani mbili za nje. Mwenye nyumba anamlipa fundi sentimita 30 kwa kona nne! Fundi mwenye watoto nyumbani atafanya nini, atakata haraka atajaza puti atasepa. Sio kwamba hajui, malipo yenyewe ndo yanamfundisha kuharakisha.

Mimi tangu ile siku ya Bunju nimebadilisha. Nampigia mteja bei mbili, mita za ukuta mnyoofu kwa bei ya chini kuliko zamani, na kila kona kwa bei yake, ya nje ghali kuliko ya ndani maana ya nje inaonekana kutoka pande zote na haina pa kujificha. Ukijumlisha chumba cha kawaida cha kona nne inakuja karibu palepale. Tofauti ni kwamba sasa nikikaa dakika arobaini kwenye kona moja sijapoteza hela, na mwenye nyumba anajua analipia nini. Wapo walionikatalia, wanasema mafundi wote wanachukua kwa mita wewe umetoka wapi. Sawa, ni haki yao.

Sasa ngoja niseme jinsi ninavyokata, kwasababu kuna vijana wengi wanasoma gazeti lenu na mwenye nyumba naye akijua atamsimamia fundi wake vizuri. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya hesabu kwa mwenye mashine. Umepata kona ni 94, nusu yake 47, lakini ile mashine ya kukatia haihesabu kutoka kwenye ukingo wa mkanda, inahesabu kutoka kwenye msumeno ulionyooka, yaani mkato wa mraba ndo sifuri yake, kwaiyo unatoa 47 kwenye 90 unapata 43, ndo unaweka 43. Hapa wengi wanaanguka, anaona kona imefunguka zaidi ya 90 anaongeza digrii kwenye mashine, anaweka 47 mwanya unakuwa mara mbili, anashangaa. Kona ikifunguka unapunguza, ikibana unaongeza.

Ya pili haina hesabu kabisa na ndo naipenda, nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa Tanga na sijui kwanini haijaenea. Unachukua kipande kifupi cha mkanda uleule, kama sentimita 30, unakishika juu kwenye kona jinsi kitakavyokaa, mgongo wa chini umelala ukutani na wa juu umelala darini, unapitisha penseli darini kwenye ukingo wa mbele. Unahamia ukuta wa pili unafanya vilevile. Ile mistari miwili itakatana mahali darini, na pale inapokatana ndo mbele ya kona yako ilipo, kona iwe digrii 88, 90, 94, yoyote. Sasa unapandisha mkanda wenyewe, kijana ashike upande wa pili, unaweka alama mbili tu, ya chini pale unapogusa kona ya ukuta, na ya juu pale kwenye makutano ya ile mistari. Unashusha, unaunganisha alama kwa msumeno wa meno madogo. Ukipandisha inaingia kama mlango kwenye fremu. Mwanya ukibaki ni wa unene wa ukucha na huo ndo wa puti.

Na jambo lingine la kukata, mkanda ukiuweka kwenye boksi unauweka kichwa chini. Sakafu ya boksi ndo dari, ukuta wa boksi ndo ukuta, kwaiyo ule mgongo unaokaa ukutani utakuwa juu unakuangalia. Vijana wanachanganya hapa wanakata kona ya ndani inatoka ya nje, mkanda umeharibika. Mimi kabla ya yote nageuza kila mkanda nyuma naandika kwa penseli kubwa D upande wa dari na U upande wa ukuta, alafu nakata vipande viwili vya majaribio, naenda navyo juu naviweka. Vikikaa ndo nakata mikanda mizima. Kwenye kona ya ndani urefu wa ukuta ndo urefu wa ule mgongo wa U, huongezi kitu. Kona ya nje ni kinyume, upande wa D ndo unakuwa mrefu kupita ukuta, usipoliwaza hilo kabla ya kukata umepungukiwa.

Idadi ya kununua nayo ina akili yake. Watu wanachukua mita 18 wanagawa kwa 2.4 urefu wa mkanda, wanapata saba na nusu wananunua nane, alafu fundi anaanza kona moja anaenda tu mbele, ukuta wa mita 5 unaingia mikanda miwili mizima na kipande cha sentimita 20, kile kipande kinakaa kama kiraka na macho yote yanaenda pale. Mimi naanzia katikati. Ukuta wa mita 5 naweka mkanda mzima katikati na vipande vya mita 1.3 pande zote mbili, ukuta wa mita 4 mkanda mzima katikati na sentimita 80 huku na huku. Sasa ona uzuri wake, ukikata 1.3 kwenye mkanda wa 2.4 inabaki 1.1, na kwenye hiyo unatoa 80 yako, kimoja kinakula kona ya kushoto kingine ya kulia. Chumba kizima kinaisha na mikanda minane ileile na kila ukuta uko sawa kwa sawa, na vimebaki vipande vya sentimita 30 vya majaribio. Nunua tisa au kumi tu kwasababu kuvunjika kupo. Ila hii ni kwa mkanda wa mistari mitupu. Mkanda wenye maua lazima ua likutane na ua kwenye kila ungio, na kwenye kona ua lisikatwe kichwa, hapo unapoteza vipande vingi na fundi asiyekwambia hivyo mapema atakuja kukuomba mikanda ya ziada katikati ya kazi.

Nikirudi kwenye kuchagua, hapa wenye nyumba ndugu zangu tunakosana sana. Mtu anakuja na simu, ananionyesha picha ya ukumbi mkubwa huko sijui wapi, dari ya ngazi tatu, mikanda mipana imejaa maua, taa zimejificha ndani, anasema fundi nataka hii. Nikipima chumba chake dari iko mita 2.7. Ukishusha ngazi sentimita 20 umebaki na 2.5, na huku kwetu na joto hili lazima kuna pangaboi, nalo linaning'inia sentimita 30 chini ya dari, mapanga yanazunguka mita 2.2 kutoka chini, mtu mrefu akinyoosha mikono kuvaa shati anayafikia. Nimeshakataa kazi kwa hili. Kwa dari ya 2.7 mimi naona mkanda wa sentimita 8 mpaka 10 unatosha sana na wa mistari, bila maua. Dari ya mita 3 na kuendelea, chumba kikubwa, hapo 12 mpaka 15 inapendeza na maua yana nafasi ya kuonekana. Mkanda mpana kwenye chumba kifupi unakishusha, unajihisi umevaa kofia iliyokuzidi. Usichagulie dukani pia, omba kipande au azima, kipandishe pale juu jioni taa imewashwa, rudi nyuma mpaka mlangoni uangalie. Dakika tano.

Alafu angalia chumba ni cha kazi gani. Jipsamu ni jiwe, linachimbwa hapahapa nchini, Makanya kule Same, Itigi, Kilwa, linachomwa maji yake yanatoka linakuwa unga, ukirudishia maji linaganda tena jiwe. Kwa sababu hiyo linakunywa maji hata likishakuwa mkanda. Sebuleni na chumbani halina mpinzani, kona zake zinaungika na unga wenyewe zikawa jiwe moja. Bafuni na juu ya jiko la kupikia ugali kila siku mvuke unapanda, linalainika, linaota ukungu mweusi, huko weka ya plastiki. Ile nyingine nyeupe nyepesi kama maboksi ya samaki ni rahisi kubeba na kukata hata kwa kisu, ila ikishika moto inayeyuka na kudondoka matone yanayowaka, mimi siiweki jikoni kwa mtu hata akinilipa mara mbili, na gundi yake iwe ile ya maji, gundi kali ya kunusa inaitafuna mbele ya macho yako. Mbao inapendeza sana kwa mwenye uwezo ila iwe imekauka kwelikweli, na kona zake za ndani hazikatwi 45 zote mbili. Mkanda wa kwanza unaenda mpaka ukutani umekatwa mraba, wa pili unachongwa uso wake kufuata umbo la wa kwanza ukaukumbatie, kwaiyo mbao ikisinyaa mwanya hauonekani. Hiyo ni kazi ya seremala na msumeno mwembamba, usimpe fundi rangi.

Ukinunua wa jipsamu ugeuze nyuma. Mkanda mzuri una nyuzi ndani, katani au faiba, ukiushika ncha mbili ukautikisa kidogo unacheza haupasuki. Katani ni hii ya kwetu iliyoletwa Tanga mwaka 1893 na yule Mjerumani Hindorf, na mpaka leo kazi yake kwenye jipsamu hakuna anayeidharau. Usio na nyuzi ni biskuti. Utavunjika kwenye bodaboda kabla haujafika saiti, na usipovunjika utavunjikia juu.

Kuupandisha sitakaa sana. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta lazima ukwanguliwe mpaka lipu ionekane, vinginevyo unga unashika rangi na rangi inaachia ukuta. Maji kwanza kwenye ndoo alafu unga juu yake, na ndoo iwe safi, mabaki ya jana yakibaki ndani mchanganyiko unaganda kabla hujapanda ngazi. Koroga kidogo kidogo. Skrubu ziwe zile zilizopakwa zinki kama mabati, hapa pwani zile nyeusi zinashika kutu na baada ya muda unaona vidoa vya kahawia vinatokeza juu ya rangi nyeupe, unapaka vinarudi. Na kama unaweka zile taa za utepe ndani ya mkanda, acha uwazi wa kutosha mwanga utoke utambae darini, na adapta isifungiwe mahali ambapo fundi umeme hawezi kuingiza mkono, maana ikiungua mtakuja kubomoa mkanda mzima, nimeliona hilo nyumba mbili.

Kuna siku nilipelekwa Lamu na ndugu yangu mmoja kwenye harusi, tukaingia nyumba moja ya kale ya mawe. Dari ni boriti za mikoko, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndio maana vyumba vyao ni vyembamba na virefu. Ukutani kuna zidaka, vile vishimo vya kuwekea vitu, na plasta imechongwa kwa mkono, inazunguka chumba. Nilisimama kwenye kona moja nikaangalia pale michoro miwili inapokutana. Kuta zenyewe hazijanyooka, lakini michoro imekutana, aliyechonga aliifuata kona kama ilivyo. Nilikaa pale mpaka wakaniita kula.

Kwaiyo Mhariri ombi langu kwenu ni dogo. Ule ukurasa wenu wa nyumba huwa mnatoa picha za dari, zimepigwa katikati ya chumba, taa zote zinawaka, zinavutia. Naomba siku mojamoja mtoe picha ya kona, kwa karibu, mkanda ukiwa bado haujapakwa rangi. Mwenye nyumba akiona kona nzuri inavyokaa bila puti atajua cha kumuuliza fundi. Na nyie wenye nyumba kabla hamjalipa bakaa, subirini fundi akate mikanda, pandeni ngazi kabla ya puti, angalieni kona zote. Kama mwanya unaingiza sarafu mwambieni arudie, wakati huo kurudia ni mkanda mmoja, baada ya rangi ni kazi mpya. Na vijana wenzangu ambao mmejifunzia kazini kama mimi, VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, mtu anapimwa kwa kazi anayoijua anapewa cheti, nendeni mkaulize kwenye chuo cha karibu yenu. Ukiwa na cheti ni rahisi kusimama mbele ya bosi ukamwambia kona ina bei yake.

Yule mama wa Bunju nilimrudishia kona zake zote nne kwa gharama yangu, siku mbili nzima, kona mbili kati ya hizo nne hazikuwa zimepasuka ila nilijua zilivyo ndani. Tangu hapo masika mbili zimepita, nilipita kumsalimia akaniambia nipande mwenyewe niangalie, nikapanda na tochi. Zimekaa.

Wiki ijayo naanza kazi Kerege, sebule ina nguzo mbili zimetokeza, kona kumi na mbili kwa jumla. Tumekubaliana kwa kona. Mwenye nyumba ameomba tu siku ya kukata awepo, anataka aone ile mistari miwili ikikatana darini kwa macho yake, na nimemwambia aje na penseli.

Ni mimi,
Fundi dari, Bunju, Dar es Salaam